Jeni siyo jini: namna ya kujua kama moyo wako hauwezani na moshi, na cha kufanya

Mama yangu anakaanga mihogo na kachori barazani kwetu Temeke, mwaka wa ishirini na kitu huu, na kila akishawasha jiko asubuhi anashika kifua anasema moyo unamwenda mbio, sisi tunamjibu mama hiyo presha punguza chumvi. Pembeni yake anakaa mama mkubwa, dada yake wa tumbo moja, na karai lake na jiko lake, mkaa wa gunia moja wanagawana, moshi huohuo unawafukia wote usoni, na mama mkubwa hana hili wala lile, anapiga stori tu na wateja. Nimekaa na hilo swali muda mrefu. Moshi mmoja, makarai mawili, mbona moyo mmoja unaruka na mwingine umetulia?

Nimelifuatilia kwa kusoma na kwa kusumbua madaktari, na hapa naandika vile nilivyofanya mimi ili na wewe ufanye kwenu, maana naona watu wengi wana hizi dalili na wanazunguka tu, mara dawa za presha mara dawa za vidonda vya tumbo mara kwa mtaalamu wa nyota. Mimi sio daktari hilo likae kichwani, ni mtu mwenye mama anayelalamika na bando la intaneti.

Kwanza ujue moshi unafanya nini

Moyo mzima haudundi kama saa ya ukutani. Ukivuta pumzi unaharakisha kidogo, ukiitoa unapoa kidogo, na huo mchezo wa kuharakisha na kupoa ndio unaonyesha kwamba neva zinazouendesha ziko macho. Sasa ukivuta moshi, zile chembechembe ndogo kabisa za mikromita 2.5 kushuka chini, yaani unywele mmoja wa kichwani unaziacha kwa unene kama mara ishirini na kitu, zinapita puani zinapita kooni zinaenda kutua kwenye vile vifuko vya mwisho vya mapafu. Zikifika huko zinachokoza neva za mapafu na ujumbe unafika mpaka kwenye moyo, zinafanya kinga ya mwili ipande kama vile una kidonda, alafu zinazalisha kemikali kali zinazoharibu seli polepole, ifikirie kama kutu inavyokula bati. Moyo unapoteza ule mchezo wake, unakuwa mgumu, na kwa baadhi ya watu umeme wake unaanza kukosea njia.

Mwili una wafagizi wa hiyo kutu. Mmoja wa hao wafagizi anatengenezwa kwa maelekezo ya jeni inaitwa GSTM1, na kuna watu hawana kabisa hiyo jeni, sio kwamba wanaumwa, wamezaliwa hivyo na wanaishi vizuri tu. Kwa Wazungu ni karibu nusu ya watu, kwetu Waafrika ni pungufu ya hapo lakini wapo wengi.

Habari yake iko Boston, Marekani. Kule kuna kundi la wanaume, wengi wao wanajeshi wa zamani, wamekuwa wakifuatiliwa afya zao tangu 1963, wamezeeka ndani ya utafiti. Mwaka 2005 timu ya Joel Schwartz wa Harvard ikatoa majibu ya karibu wazee 500 hivi: kwa wasio na GSTM1, chembechembe zikiongezeka mikrogramu 10 kwenye kila mita ya ujazo ya hewa kwa zile siku mbili kabla ya kupimwa, ule mchezo wa moyo unaofuata pumzi ulishuka asilimia 34. Na waliokuwa nayo hiyo jeni? Hakukuonekana kitu cha maana. Hewa ya mji mmoja, wazee wa rika moja. Nilivyosoma hapo nikawaona mama na mama mkubwa na makarai yao, maana hata ndugu wa tumbo moja mfagizi anaweza akapewa mmoja mwingine akanyimwa.

Na sio hiyo jeni tu. Kwa wazee haohao wakaja kuona kwamba wenye badiliko fulani kwenye jeni ya HFE, ile inayosimamia madini ya chuma mwilini, wao kidogo walikuwa na ngao. Mwaka 2010 wakaangalia masizi ya magari na kipande cha umeme wa moyo kinachoitwa QT, yaani muda moyo unaotumia kujichaji upya baada ya pigo, wakakuta masizi yanaurefusha, na unarefuka zaidi kwa wenye sukari na kwa wale ambao jeni zao za kufagia ni dhaifu. QT ishike hiyo, tutairudia.

Sisemi mama hana GSTM1. Sijampima na sitampima, sababu nitaitaja mbele.

Anza na ukoo, na uulize vizuri

Kipimo cha kwanza ni bure na kiko kwa wazee wako. Ila ukienda ukauliza "kwenye ukoo kuna mtu alikuwa na tatizo la moyo?" utajibiwa hakuna, kwasababu vifo vya moyo kwetu havina jina la moyo. Vina majina mengine. Alirogwa, alikabwa na jinamizi usiku, alikuwa na kifafa, alivutwa na jini la majini. Mimi babu nilimuuliza ya moyo akasema hamna, nikageuza swali nikauliza nani aliondoka ghafla bila kuumwa, babu akakaa kimya alafu akaanza kuhesabu vidole. Akamtaja mjomba wake mvuvi aliyezama maji ya kiunoni na alikuwa anaogelea kama samaki. Akamtaja binti aliyeanguka akikimbia uwanjani shule ya msingi. Alafu akafunga na "ukoo wetu una jini". Babu, inawezekana ni jeni.

Kwahiyo uliza hivi: nani alikufa ghafla kabla ya miaka arobaini hamsini, nani alilala hakuamka, nani alizama na anajua kuogelea, nani anazimia akikimbia au akishtuliwa na kelele (hata mlio wa simu alfajiri), nani ana kifafa ambacho dawa hazikisaidii na hakijawahi kuonekana kwenye vipimo, mtoto gani mchanga alikutwa amefariki kitandani. Uliza upande wa baba na upande wa mama, wote. Wakati mzuri ni kwenye arobaini au kwenye harusi wakati wazee wamekaa mkekani na chai, usiulize siku ya mazishi utaonekana una lako jambo. Andika jina, uhusiano, umri wa makadirio, na alikuwa anafanya nini dakika ile. Hilo la mwisho watu wanalisahau na ndilo daktari analolitaka zaidi, kwasababu kuzimia ukiwa umesimama foleni juani ni habari moja, kuzimia ukiwa katikati ya mbio ni habari nyingine kabisa.

Ukikuta watu wawili watatu wa hivyo kwenye mstari mmoja wa damu, ruka hatua zote nenda kapime ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, wiki hii, wewe na watoto, moshi mtakuja kuuongelea baadaye.

Jifunze kushika mapigo

Hapa usifanye haraka maana ndio kazi yenyewe. Mtu akae kwenye kiti dakika tano, asiongee, asiwe ametoka kunywa kahawa. Geuza kiganja kiangalie juu. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, chini ya mzizi wa dole gumba, kwenye kile kishimo kati ya mfupa na ule mshipa mgumu. Usitumie dole gumba lako, lina mapigo yake litakudanganya. Usibonyeze sana. Mama siku ya kwanza mkono ulikuwa na mafuta ya kukaangia vidole vinateleza, nikambonyeza kwa nguvu nikakosa kitu, nikadhani mashine imezima, kumbe ukikandamiza unaziba mshipa wenyewe. Nilivyolegeza ukaja, tup, tup, tup.

Hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Wengine wanahesabu sekunde 15 wanazidisha kwa nne, kwa mtu ambaye mapigo yanaruka hiyo hesabu ni ya uongo. Mtu mzima aliyetulia anatakiwa awe kati ya 60 na 100. Lakini namba ni nusu tu ya habari, nusu nyingine ni mdundo. Fuatisha kwa mguu chini kama unafuata ngoma. Ukiweza kufuata mwanzo mwisho, sawa. Ukikuta kila baada ya muda pigo moja limerukwa alafu linalofuata linakuja na kishindo, watu wengi wanalo hilo na mara nyingi halina neno, andika tu. Ukikuta huwezi kabisa kufuata, mara matatu ya haraka mara kimya mara mawili, kama mtoto anapiga debe, hapo usisubiri wiki mbili za daftari, huenda ni ile hali vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kudunda na inaweza kuleta damu kuganda na kiharusi.

Na hiyo hali na moshi ni majirani. Boston tena, walifuatilia watu waliowekewa kifaa kifuani cha kurekodi na kushtua moyo, wakatoa majibu 2013: chembechembe zikipanda kwa mikrogramu 6 ndani ya masaa mawili yaliyotangulia, uwezekano wa moyo kuingia kwenye huo mtetemo ulipanda asilimia 26. Masaa mawili. Kwahiyo mama akikwambia "kila nikiwasha jiko" usimjibu presha kama sisi wajinga tulivyokuwa tunamjibu.

Kama una mashine ya presha ya kidijitali angalia, nyingi zina alama ya kamoyo inayowaka mapigo yasipokuwa sawa. Zile saa za mkononi za elfu ishirini za Kariakoo mimi siziamini, niliifunga kwenye mguu wa meza ikanipa mapigo 78.

Daftari la moshi

Chukua daftari, chora safu: saa, mapigo, mdundo (sawa au hovyo), moshi gani, nimejisikiaje. Pima mara tatu kwa siku, asubuhi kabla jiko halijawashwa, nusu saa baada ya kuwashwa, na usiku kabla ya kulala. Wiki mbili. Safu ya moshi iandike kwa uaminifu, na ujue moshi sio wa mkaa tu. Kuna jirani anachoma taka. Kuna jenereta ya saluni. Kuna kituo cha daladala mlangoni. Kuna kibatari, kuna sigara ya mgeni. Kuna udi na ubani, najua nitagombana na watu wa pwani hapa lakini moshi wa udi ni moshi, mapafu hayajui kama unanukia. Na kuna ile dawa ya mbu ya kuzunguka kama konokono, hii ndio iliyonitoa macho, watafiti walipima wakakuta kuchoma moja tu kunatoa chembechembe sawa na sigara 75 mpaka 137, na sisi tunaiweka chini ya kitanda cha mtoto tunafunga dirisha.

Kwenye daftari usiangalie saa hiyohiyo tu. Madhara mengine yanakuja ndani ya masaa, mengine yanachelewa mpaka siku mbili, kwahiyo ukiona Jumanne mapigo mabaya rudi nyuma mpaka Jumapili ulikuwa wapi.

La mama lilisema hivi: kabla ya jiko 72, 74, 76. Baada ya kuwasha 104, 108, 111. Nikasema basi ni kazi tu, kuinama kupuliza kubeba maji. Lakini Ijumaa hakaangi, ana kazi ileile ya kufua na kuchota maji, na mapigo yalibaki kwenye 80. Alafu siku mbili mama mkubwa ndiye aliyewasha majiko yote mawili, mama akaja mkaa umeshaiva mwekundu, akakaa pale masaa manne akikaanga kama kawaida, mapigo 84. Kwahiyo kilichokuwa kinamsumbua ni kuwasha. Na kuwasha kwetu kulikuwaje? Mfuko wa nailoni na mafuta ya taa, si unajua.

Kapime umeme wa moyo, na ujue unachoomba

Watu wanachanganya vipimo viwili. Eko ni ule wa picha, wanapaka jeli kifuani wanaangalia moyo ulivyo na unavyosukuma. ECG ni ule wa waya na vibandiko, dakika kumi umemaliza, na huu ndio unaosoma umeme. Mtu anakwambia "nilipima moyo niko poa" kumbe alipiga eko tu. Kwa ishu hii unaanza na ECG, ni ya bei nafuu, ulizia hospitali ya wilaya kama wanayo. Ikibidi wataalamu watakupa rufaa, kwa Dar watu wanaishia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili.

Ukipewa karatasi omba nakala, piga picha mbele na nyuma, maana zile karatasi zinafifia. Angalia palipoandikwa QTc, ndiyo ile QT iliyosawazishwa kulingana na kasi ya mapigo, inahesabiwa kwa milisekunde. Kwa mwanaume ikizidi 450 na kwa mwanamke ikizidi 460 mwambie daktari akueleze, asikurudishe na "iko kawaida" ya haraka haraka. Ikigonga 500 hapo sio pa kuondoka bila maelekezo. Mwambie daktari habari za ukoo na mpe daftari. Kama moyo unaruka kwa kuja na kuondoka, ECG ya muda mfupi inaweza isikute kitu, kuna kifaa wanakuvalisha masaa 24 kinaitwa Holter, kiulizie, na siku hiyo usikae kitandani kama mfalme, washa jiko kama kawaida.

Sasa kupima jeni. Ile GSTM1 hata ukijua huna, hakuna daktari atakayekupa dawa yake, atakwambia kaa mbali na moshi, na hilo daftari limeshakwambia bure. Ndio maana simpimi mama. Kupima jeni kuna maana pale ECG imeonyesha QT ndefu au kuna vifo vya ghafla kwenye ukoo, hapo wanatafuta jeni za milango ya umeme ya moyo, KCNQ1, KCNH2, SCN5A, na ikipatikana kwako ndio wanaitafuta kwa watoto wako. Huo ugonjwa wa kurithi wa QT ndefu unakadiriwa kuwa mtu mmoja katika kila 2,000 hivi, na wengi wanaanza kwa kuitwa wana kifafa.

Dawa, hapa ndio tunaponzana wenyewe

Kuna jeni zinalala usingizi mpaka zichokozwe. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walieleza badiliko moja kwenye SCN5A, linaitwa S1103Y, wanalo kama watu 13 katika kila Wamarekani weusi 100 na asili yake ni huku Afrika. Wengi wanaolibeba hawapati shida yoyote ya mapigo maisha yao yote, hata hawajui wanalo. Lakini ukilichanganya na dawa zinazorefusha QT, au potasiamu ikishuka, hatari inapanda. Hiyo ni habari ya dawa zaidi kuliko moshi, ila hesabu ni ileile: moshi unarefusha kidogo, dawa kidogo, kuharisha kidogo, jeni kidogo, vinajumlishwa kwenye moyo mmoja.

Dawa zenyewe ni za kawaida kabisa. Azithromycin, erythromycin, ciprofloxacin, fluconazole ya fangasi, klorokwini, kwinini, haloperidol. Mama aliwahi kupewa kwenye duka la dawa moja azithromycin na fluconazole kwa mpigo, kikohozi na fangasi, bila swali hata moja, na ilikuwa wiki ya mafua anakaa na jiko ndani kwasababu ya mvua. Alizimia chooni. Tulisema njaa. Leo nikikumbuka nasikia baridi.

Sisemi usinywe dawa, malaria inaua haraka kuliko hizi hesabu. Nasema ukienda duka la dawa sema kwa sauti "nina tatizo la mapigo, hii inarefusha QT?" na usichanganye mbili bila daktari. Ukiharisha au kutapika kunywa ORS mapema, alafu ukipata nafuu ndizi, madafu, maharage, vinarudisha potasiamu. Ila mwenye figo mbovu asijimwagie madafu bila kuuliza, kwake potasiamu nyingi ni sumu.

Kupunguza moshi kwa maisha yetu haya

Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kipimo, chembechembe zisizidi mikrogramu 15 kwenye kila mita ya ujazo ya hewa, wastani wa siku nzima. Jiko la kuni au mkaa kwenye chumba kisicho na pa kutokea moshi linafika mamia. Kwahiyo usitafute ukamilifu, tafuta pale panapoumiza zaidi kwanza.

Kwetu ilikuwa kuwasha. Tulitupa nailoni na mafuta ya taa. Tunaanza na vijiti vikavu vyembamba na karatasi kidogo, jiko liko nje upande upepo unakokwenda, anayewasha ni mtu mwingine, mama anakaa mbali mpaka mkaa uwe mwekundu wote, dakika ishirini hivi. Jua tu kwamba mkaa mwekundu usiotoa moshi bado unatoa ile hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, kwahiyo usije ukajisifu umewasha nje alafu ukaliingiza chumbani kufungwa mlango, hiyo inaua familia nzima usiku mmoja.

Gesi, kama unaiweza, ni mabadiliko makubwa kuliko yote. Serikali ya Tanzania ina mkakati watu asilimia 80 wawe kwenye nishati safi ifikapo 2034, sawa, lakini wewe una moyo wa leo. Tatizo letu wengi tuna mtungi, tunautumia kwa chai tu, maharage yanarudi kwenye mkaa masaa matatu. Geuza: maharage ndiyo uyatoe kwenye mkaa. Yaloweke usiku kucha, yapike kwenye sufuria la presha, iwe la gesi au la umeme, hayafiki saa moja. Chai hata ukiichemsha kwa mkaa ni dakika chache.

Barakoa ya kitambaa haizuii vizuri hizi chembechembe, inazuia vumbi na kukupa moyo tu. Ile N95 inazuia asilimia 95 ikikaa vizuri usoni bila upenyo, na kuna utafiti wa Beijing, vijana wazima walitembea mjini masaa mawili na barakoa nzuri na siku nyingine bila, siku ya barakoa presha ilikuwa chini na ule mchezo wa mapigo ulikuwa mzuri zaidi. Dereva wa bodaboda mwenye moyo wa kuruka angefikiria hilo. Mama kakaa nayo siku moja akasema wateja wanadhani ana TB.

Njiani, ukitembea kwa miguu pita mtaa wa ndani badala ya barabara kubwa, hata ukizunguka kidogo. Kampala wana bahati, AirQo ya Chuo Kikuu cha Makerere wana vipimo vya hewa mitaani na apu ya kuangalia kwenye simu, na wameshafika miji mingine kadhaa ya Afrika, angalia kama wako karibu na kwako.

Chakula sio ngao lakini kina mchango. Wazee wa Boston waliokula zaidi vitamini B6, B12 na methionini, yaani samaki, mayai, nyama, mapigo yao hayakuyumbishwa sana na hewa chafu. Mexico City wazee wa nyumba ya kulelea walipewa mafuta ya samaki gramu mbili kwa siku, moyo ukasimama imara kuliko wenzao waliopewa mafuta ya soya. Vibua na dagaa basi, sio lazima vidonge. Kuhusu dawa za kolesteroli zile statini, ni kweli Boston wasio na GSTM1 waliokuwa wanazitumia hawakuonyesha yale madhara, ila hizo ni za daktari, usiende kujinunulia.

Mtu akianguka

Akianguka ghafla, haitikii, hapumui au anakoroma kwa kuvuta vuta, usimnusishe kiatu wala kitunguu, na usimpe maji. Mlaze chali chini pagumu, piga kelele watu watafute gari, weka viganja viwili katikati ya kifua ubonyeze chini sentimita tano mpaka sita, haraka, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, uachie kifua kirudi juu kila mara, usiache kubonyeza mpaka msaada ufike au aamke, mkichoka pokezaneni. Mtoto aliyewahi kuzimia akikimbia, mwalimu wa michezo ajue leo, kabla hajapimwa.

Siku ya kliniki beba vitu hivi kwenye mfuko mmoja: daftari, picha za ECG zote za zamani, karatasi ya ukoo, na maboksi matupu ya dawa zote ulizonunua mwezi huo hata za tumbo. Mama QTc yake ilikuja 458, daktari akasema tuirudie baada ya miezi mitatu bila zile dawa na bila nailoni. Tumerudia, 439. Mama mkubwa naye akaona asiachwe nyuma akapima, 410, sasa yeye ndiye mwasha majiko rasmi na anadai alipwe.